Wembe wa Bahati

Siku macho ya Luhaga yalipogeuka manjano, Simioni alimvulia kofia.

Lilikuwa jambo geni. Luhaga alichimba dhahabu tangu hajaota ndevu, kwanza kwao Kahama, kisha Geita, kisha huku Serengeti, porini nyuma ya Mbalibali, na katika miaka yote hiyo hakuna binadamu aliyewahi kumvulia kitu chochote kichwani. Mkwe wake alikuwa anamsalimia huku macho yako kwa ng'ombe. Na Simioni hakuwa mtu wa kuvuavua kofia. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa duara lao, lile shimo walilolichimba kwa kamba na ndoo, na ile kofia yake ya ngozi watu walisema alizaliwa nayo.

“Jamani, njooni mumwone mtu,” Simioni aliita. “Hebu geukia jua, Luhaga. Vuta chini hiyo ngozi ya jicho.”

Luhaga akavuta. Wenzake wakamzunguka kama wanunuzi mnadani. Mmoja nusura amfungue mdomo akague meno.

“Manjano,” alisema Thadeo, kijana wa timu aliyeoa juzi tu.

“Manjano nini? Ita kitu kwa jina lake. Hiyo ni dhahabu,” Simioni alisema, na hapo ndipo kofia ilipotoka kichwani. “Dawa ya Mboje imefika. Dhahabu imemkubali huyu.”

Mtu mwenye akili angecheka. Luhaga hakucheka. Alihisi kifua kinajaa, akasimama wima kidogo, akajaribu kuweka sura ya mtu aliyekubaliwa na dhahabu, sura ambayo hakuwahi kuiona popote kwa hiyo ilimbidi aibuni mwenyewe.

Wala haikuwa ajabu kwamba aliamini. Wakati wa palizi ya mahindi, duara likiwa linatoa mawe matupu tu, walimwita Mboje, mganga Msukuma kama Luhaga mwenyewe, aliyekuwa akizunguka machimboni akiuza bahati. Mboje aliomba mbuzi mweusi na wembe mpya. Mmoja. Thadeo aliuliza kwa nini kila mtu asije na wembe wake, na Mboje akamtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyejikojolea.

“Bahati mnayoitafuta ni moja,” alisema. “Mkiileta na nyembe nyingi mtaikatakata. Siku mkifika kwenye mwamba, kila mtu ataondoka na vumbi.”

Hoja hiyo iliwaingia wote, lakini aliyeitetea kwa sauti kubwa kuliko wote ni Luhaga. Tena ndiye aliyekimbia dukani kununua huo wembe. Simioni akapigwa chale wa kwanza kwa heshima ya uongozi, kifuani na juu ya viganja, damu ikachuruzika, wembe ukachovywa kwenye kibuyu cha dawa, ukapanguswa kwenye suruali ya Mboje. Wa pili alikuwa awe Thadeo. Luhaga akamsukuma kwa kiwiko akaingia yeye, kwa kuwa alisikia mahali fulani kwamba bahati ikichelewa inapoa.

Sasa bahati ilikuwa imefika. Walimletea kiti cha plastiki kutoka kwa mama ntilie, wakamkalisha kwenye mdomo wa duara, wakamkataza kushika hata ndoo. Luhaga alikubali kwa unyenyekevu mkubwa. Ukweli ni kwamba asingeweza kuishika hata angelipwa. Kwa majuma kadhaa miguu ilikuwa haina nguvu, viungo vinauma, sigara aliyoipenda kuliko ndugu zake ilikuwa inanuka kama tairi linaloungua. Dukani walimuuzia dawa ya malaria. Ilipokwisha, wakamuuzia ya taifodi. Mkojo wake ulikuwa umekuwa kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, na alipomweleza Simioni jambo hilo, Simioni alitikisa kichwa kama mtaalamu.

“Inakusafisha,” alisema. “Uchafu unatoka, dhahabu inabaki.”

*

“Kwa hiyo amekuvulia kofia,” alisema Agustina.

“Mbele ya watu wote.”

“Na choo chako kilichokuwa cheupe kama udongo wa kupakia ukuta, nacho wamekivulia?”

Agustina alikuwa mke wake, binti wa Mzee Mniko wa Kenyamonta, na alikuwa na tabia ya Kikurya ya kusema jambo lilivyo hata kama hakuna aliyemwomba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya mihogo. Luhaga alikuwa ameegemea mlango, anajikuna mgongo kwa gunzi la hindi, maana muwasho nao ulikuwa umeanza.

“Wewe hujui mambo ya machimbo.”

“Sijui, kweli. Ninachojua, jana nilikusongea ugali na kisamvu ukautazama kama umetukanwa. Dhahabu gani hiyo inaogopa ugali? Twende kituo cha afya, baba Gati.”

“Simioni anasema sindano inaitoa.”

“Inatoa nini?”

“Dhahabu. Ikichomwa sindano inatokea pale pale kwenye tundu.”

Agustina aliacha kumenya. Alimtazama mumewe, kisha akarudi kwenye muhogo wake kama mtu aliyekuta duka limefungwa.

Jioni hiyo Simioni na Mboje walifika pale nyumbani wakiwa na mguu wa mbuzi na sukari. Luhaga aliona fahari tena: hakuna mtu aliyewahi kumletea sukari. Mboje akakaa, akameza mate, akaeleza. Dhahabu ilikuwa imefika mlangoni lakini haijaingia ndani. Mwanamume ni mlango. Nyumba ni mke. Jumamosi wake wote wa wana duara waje shimoni wapigwe chale, kwa wembe ule ule, na wa kwanza awe Agustina, mke wa aliyekubaliwa. Akafungua kitambaa chekundu. Wembe ulikuwamo, umeanza kufanya kutu kwenye ncha.

“Sichanjwi na hicho kidude,” alisema Agustina.

“Shemeji,” alisema Simioni kwa upole wa mtu anayebembeleza ng'ombe, “watu wana njaa. Nyumba ngapi zinakutegemea wewe? Usije ukaambiwa ndiwe uliyefunga shimo.”

Wakaondoka. Luhaga akabaki na kazi ya kumshawishi mkewe, na aliifanya vibaya. Alianza kwa kubembeleza, akaingia kwenye kununa, akamalizia kwa kumwambia kwamba kwa Wasukuma mke humsikiliza mumewe, jambo ambalo mama yake mzazi, kama angekuwapo, angelipinga kwa mwiko.

“Sawa,” Agustina alisema mwishoni.

“Sawa nini?”

“Nitapigwa chale. Popote wanapotaka, hata kwenye ulimi. Lakini kesho tunakwenda kwanza kwa daktari. Akisema wewe ni dhahabu, Jumamosi mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni. Akisema wewe ni mgonjwa, utanisikiliza mimi.”

Luhaga aliona amepata ushindi mwepesi. Alilala vizuri, isipokuwa pale alipoamka kutapika.

*

Daktari wa kituo cha afya alikuwa dada mmoja aitwaye Gloria, mdogo kiasi kwamba Luhaga alitafuta kwa macho daktari mwenyewe yuko wapi. Gloria alimvuta ngozi ya jicho, akamtazama viganja, akamlaza kitandani na kumbonyeza chini ya mbavu za kulia. Luhaga akapiga ukelele uliofanya watoto wa kliniki walie.

“Hapo ndipo penyewe,” alisema Gloria. “Sigara unavuta?”

“Siku hizi zinanuka.”

“Mkojo?”

“Chai ya rangi,” alijibu Agustina. “Na choo cheupe. Na anajikuna kwa gunzi. Na amekula dawa za malaria na za taifodi, zote za dukani.”

“Alipimwa?”

“Alitazamwa usoni.”

Sindano iliingia mkononi. Luhaga aliikodolea macho ile damu ili aone kama kuna kitu kitang'aa. Ilikuwa nyekundu, damu ya kawaida kabisa, na ndani yake alihisi huzuni ndogo. Kipimo cha malaria kikasema hana. Kisha Gloria akaweka tone kwenye kipande kingine chembamba, wakakitazama wote watatu. Mstari mmoja ukatokea. Baada ya kitambo, wa pili.

“Kama kile cha mimba,” alinong'ona Luhaga.

“Hongera,” alisema Agustina.

Gloria hakucheka. Alikaa chini akawaeleza. Ni homa ya ini, aina ya B. Ni kirusi. Kimeingia kwenye ini, ini limevimba, ile nyongo iliyopaswa kushuka tumboni imebaki kwenye damu, ndiyo inayopaka macho rangi na kutia weusi kwenye mkojo. Haiambukizi kwa sahani wala kwa kushikana mikono. Inapita kwa damu na kwa kitandani, na mama anaweza kumpa mtoto anapojifungua.

“Miezi michache iliyopita,” aliuliza, “umechomwa sindano mtaani? Umeongezewa damu? Umetumia wembe na mtu mwingine?”

Luhaga alitazama dari. Lilikuwa dari zuri, lina tangazo la uzazi wa mpango.

“Mwambie kuhusu dhahabu,” alisema Agustina.

Akamwambia. Alivyozidi kusimulia ndivyo hadithi ilivyozidi kusikika ya kijinga, mpaka alipofika kwenye bahati inayokatwakatwa na nyembe nyingi akajikuta anasema kwa sauti ya chini, kama anayesoma kosa lake mahakamani. Gloria aliandika, akauliza wangapi, akaacha kuandika.

“Haya, nipe dawa niende,” alisema Luhaga.

“Dawa ni kupumzika. Kula kidogo kidogo, kunywa maji. Pombe hapana. Dawa za miti shamba hapana, hizo ndizo zitakazoliua hilo ini. Hata panado usijimezee ovyo. Wakubwa wengi mwili unakifukuza kirusi wenyewe.”

“Nimetoka Mbalibali kwa nauli yangu, nimechomwa sindano, nimebonyezwa mpaka nikalia, halafu unaniambia nilale?”

“Ndiyo. Na uende hospitali Mugumu wapime ini limeumia kiasi gani na kama ugonjwa ni mpya. Mama, wewe sikiliza. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka...”

“Huyu?”

“Zaidi ya kawaida yake,” alisema Gloria. “Akilala asiamshike, akitoka damu puani au kwenye fizi, akitapika bila kukoma, usingoje kupambazuke. Mlete. Sasa na wewe nipe mkono.”

Hilo Luhaga hakulitegemea. Alikuwa bado anasikitikia nauli. Alimwona Agustina anakunja mkono wa gauni, anatazama pembeni, na tone la damu yake linawekwa kwenye kipande kingine, na hapo kicheko chote kilimtoka tumboni. Walikuwa wanalala kitanda kimoja. Mstari wa kwanza ukatokea. Luhaga alipatazama mahali pale ambapo wa pili ungetokea kama alivyowahi kutazama karai la mchanga likitikiswa majini, isipokuwa mara hii alikuwa anaomba pasitokee kitu. Aliomba kwa Mungu wa kwao, wa Kenyamonta na wa mahali pengine popote palipokuwa na Mungu.

Hakikutokea.

“Hana leo,” alisema Gloria. “Lakini kirusi huchukua muda kujionyesha. Atarudi kupimwa tena. Mugumu wampe chanjo aanze mara moja. Na kitandani mtumie kondomu mpaka tuhakikishe nyote. Na hao wenzako wa wembe nawataka hapa.”

“Hawaji. Wanasema sindano inatoa dhahabu.”

“Basi watafutie namna,” alisema Gloria, akaita mgonjwa mwingine.

*

Jumamosi kiti kilikuwa kimefutwa vumbi. Wanawake walikuwa wamejipanga kando ya duara na vitenge vyao, wengine wanacheka kwa aibu, na Mboje amefunua kitambaa chake chekundu. Luhaga alikuja amekongojea bega la Agustina. Njia nzima alikuwa amepanga maneno.

“Jamani,” alisema, “huu ni ugonjwa. Daktari amepima. Ni homa ya ini, imetoka kwenye wembe.”

Kisha Mboje akacheka, na wengine wakacheka kwa kuwa Mboje amecheka.

“Umemchomesha sindano,” Mboje alimwambia Agustina. “Nilijua. Huyo daktari ana mshahara, anataka wengine wabaki na nini?”

“Mbona anafaidi kiti lakini hataki wenzake wafaidi?” alisema mmoja. “Amepata yake, anafunga mlango.”

“Kaa kwanza upumzike, mkubwa,” alisema Simioni, akamkalisha.

Na Luhaga akakaa. Kiti kilikuwa kizuri, jua lilikuwa kali, na miguu haikuwa na nguvu. Alijisemea kwamba amekwisha kuwaambia, na mtu akiambiwa akakataa ni juu yake. Ilikuwa hoja safi kabisa. Ingemfaa sana kama asingemwona Huruma, mke kijana wa Thadeo, aliyesogezwa mbele baada ya Agustina kukataa, anafumba macho na kunyoosha viganja vyote viwili kama mtoto anayengoja kuchapwa. Wembe ukatoka kwenye kitambaa.

“Simama!” Luhaga alipiga kelele. “Imesema!”

Mboje akasita. “Nani kasema?”

Luhaga hakujua nani. Alikuwa amefungua mdomo na sasa ilibidi kitu kitoke.

“Dhahabu,” alisema. “Imesema... imesema haitaki nyumba kabla haijajua wanaume wake. Mimi damu yangu imetoa mistari miwili. Agustina shahidi. Kipimo kiko kwa Gloria. Mwenye mistari miwili ndiye iliyemkubali. Mwenye mmoja asipoteze muda wa mganga. Kila mtu aende akapimwe, na mkewe, ndipo tupigwe chale.”

“Sindano haiitoi?” aliuliza Simioni.

“Kwangu imeitoa? Si nimezidi?” Akavuta chini ngozi ya jicho. Ilikuwa kweli. Alikuwa wa manjano kuliko ndizi ya sokoni.

Mboje alianza kupinga, lakini hakuna mchimbaji anayeweza kukaa bila kujua kama jirani yake amepata na yeye hajapata. Kufumba na kufumbua walikuwa barabarani wanatafuta pikipiki. Mboje alibaki na kibuyu chake. Agustina alimwomba wembe autazame kidogo, akautumbukiza kwenye choo cha machimbo, na hilo ndilo shimo pekee ambalo uganga wa Mboje uliwahi kulifaa.

Gloria alisema baadaye kwamba tangu asome hajawahi kuona wagonjwa wa namna ile. Walikuwa wanauombea ugonjwa. Thadeo alipata mstari mmoja, akatoka ananuna, akaketi mbali na wenzake. Huruma mmoja. Wengine mmoja mmoja, na kila mmoja akauliza kama hakuna kipimo kingine cha nguvu zaidi. Wa mwisho akaingia Simioni. Kidogo tu wakasikia kigelegele, sauti nene ya mwanamume mzima, na Simioni akatoka mbio amekishika kipimo juu kama kuponi ya bahati nasibu.

“Miwili!” alisema. “Miwili, mura! Nilijua mimi!”

Nyuma yake alikuja Gloria, amekunja uso, akimtafuta Luhaga.

“Umewaambia nini hawa watu?”

Luhaga alimweleza. Gloria alifumba macho kidogo. Kisha akamshika Simioni mkono kwa taratibu, akamrudisha ndani, akafunga mlango. Waliokuwa nje hawakusikia kilichosemwa. Waliona tu kwamba alipotoka alikuwa anatembea kama mtu aliyeshuka kwenye lori baada ya safari ndefu, na kwamba kofia alikuwa ameishika mkononi, wala hakuwa anamvulia mtu.

*

Mtu asiyefanya kazi machimboni hana mahali, kwa hiyo Agustina alimpeleka Luhaga kwao Kenyamonta, akapumzikie ukweni. Hakuna aibu iliyozidi hiyo. Alilala kwenye chumba cha mashemeji, akala chakula ambacho hakukilima, na kila mama mkwe alipopita uani ilimbidi ajifiche nyuma ya ghala kwa adabu, akiwa na gunzi lake mkononi. Mzee Mniko alikuja kumtazama asubuhi ya kwanza.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Dawa umepewa ipi?”

“Nimeambiwa nilale.”

“Ng'ombe wangu wakiumwa nawalambisha chumvi, wanainuka. Wewe unalala tu?”

“Ndivyo daktari alivyosema.”

“Ungeniambia mapema. Nimemwoza binti yangu kwa mtu ambaye dawa yake ni usingizi.”

Akaondoka, lakini jioni alituma maziwa. Na dada mmoja wa Agustina alipotaka kumtengea Luhaga sahani yake peke yake, Agustina aliichukua akala yeye kwenye hiyo hiyo, mbele ya wote.

Mugumu walisema ini limeumia lakini damu inaganda vizuri, na ugonjwa ni mpya. Agustina akachomwa chanjo ya kwanza siku hiyo. Luhaga alilala. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile. Muwasho ukaondoka, mkojo ukang'aa, macho yakaanza kufifia. Asubuhi moja alisikia harufu ya ugali kutoka jikoni, akaamka, akausubiri mlangoni kama mbwa. Agustina alipomwona aliweka mwiko chini, akageuka akafuta uso kwa kitenge, akadai ni moshi.

Walirudi kupimwa baada ya miezi kadhaa, kama walivyoagizwa. Agustina aliingia kwanza, kwa kuwa Luhaga aliona mwenyewe hawezi kungoja zaidi. Mstari mmoja. Gloria akakigeuza kipimo kwenye mwanga ili Luhaga ajiridhishe, na Luhaga akajiridhisha mpaka Gloria akamnyang'anya. Kisha kipimo chake mwenyewe. Mstari Mmoja.

“Mwili wako umekifukuza,” alisema Gloria. “Una bahati.”

“Tafadhali,” alisema Luhaga, “neno hilo usilitumie kwangu.”

Nje kwenye benchi walimkuta Simioni. Alikuwa amekuja kwa kupimwa kwake. Ugonjwa wake haukuwa mpya. Mugumu walimwambia ana kirusi hicho kwa miaka, pengine tangu kuzaliwa, bila dalili yoyote. Ini lake bado zima, litakuwa linaangaliwa kila mara. Watu wa duara hawakumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua, wala yeye hakujua. Lakini tangu Jumamosi ile hakuwa amekanyaga Kenyamonta kumjulia Luhaga hali.

Akainuka. Akamtazama Luhaga machoni, meupe sasa, ya mtu wa kawaida ambaye dhahabu haina habari naye. Akavua kofia.

“Wembe ulitoka kwangu ukaja kwako,” alisema.

Luhaga alitaka kusema jambo la kiutu uzima. Alifikiri juu ya foleni ile ya wakati wa palizi, kiwiko chake mbavuni mwa Thadeo, Thadeo akirudi nyuma bila kulalamika, na Huruma ambaye wakati ule alikuwa bado na hina ya arusi mikononi.

“Haukuja, Simioni,” alisema. “Nilisukuma mtu nikaufuata. Vaa kofia yako, jua kali.”

Simioni alikuwa bado ameishika. Agustina akaichukua, akamvika Simioni kichwani, akaikaza kidogo mbele, kama anavyofanya kwa watoto wakienda shule.

“Twendeni,” alisema. “Nimeacha unga mezani, na huyu siku hizi anakula.”